Kwa Nini Hatukuwa Tumewahi Kupima Ruzizi

Wasomaji wetu wana swali moja ambalo hawachoki kutuuliza. Wanalileta kwa simu, wanalileta kwa ujumbe, na wengine hulileta wenyewe hadi mlangoni kwetu Kakoba: mbona jarida lenu hupima spika za kampuni fulani kila kukicha, na za kampuni nyingine hamjawahi hata kuzigusa? Wenye adabu huishia hapo. Wasio na adabu huongeza: mmelishwa nini?

Mimi ni Sonia, na kurasa za Kiswahili za jarida la Sikio ni zangu. Sikio hutoka kila mwezi hapa Mbarara, kwa watu wanaotaka muziki nyumbani mwao usikike kana kwamba mwimbaji ameketi kwenye kochi lao: madaktari, maafisa wa jeshi, wahadhiri, wachungaji, na wenye saluni wanaopenda sifa. Kiingereza kiko mbele, Kiswahili kiko nyuma. Sijakubali hata siku moja kwamba kuwa nyuma ni kufuata.

Mhariri wetu ni Afande Naboth, kapteni mstaafu wa kikosi cha mawasiliano. Miaka yake yote kambini aliivaa masikioni, akisikiliza redio za jeshi na kutenganisha sauti ya mtu na kelele za mvua. Alipostaafu alibaki na masikio hayo, nyumba Ruharo, na Kiswahili cha kambi ambacho hakimwogopi mtu yeyote, hata mimi.

Jumatatu moja alikuwa amekasirika. Kampuni moja ya Kampala ilikuwa imechukua spika zake na kutuachia ukurasa mtupu, wakati mtambo wa uchapaji unatusubiri Ijumaa.

Lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu humo ndimo mambo yote yalimotokea. Sikio halinunui spika wala haliombi. Mwenye spika huzileta mwenyewe, kwa mkopo. Tunazisikiliza sebuleni kwa Afande. Kisha, kabla ya kuchapa, mwenye mali anasomewa tulichoandika. Hawezi kubadilisha hata neno moja, lakini anaweza kubeba vitu vyake na kuondoka, na akiondoka habari yake inakufa. Watu wa Kampala walikuwa wamesomewa sentensi moja tu kuhusu sauti nyembamba, wakaita gari.

"Hawa watu ni waoga!" Afande alinguruma. "Wanataka sifa peke yake. Sasa ukurasa hii mimi naweka nini? Picha yangu?"

"Afande, usiwatishe wasomaji. Mimi ninacho cha kuweka."

"Nini?"

"Ruzizi."

"Ruzizi ni mto."

"Ni mto, na sasa ni spika. Nilizisikia jana Nakivale."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu habari ile ilikataa kusimuliwa nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama yangu kwenye makazi yetu ya wakimbizi, tukaingia kanisani, kanisa la mabati lenye sakafu ya udongo. Kabla ya ibada waliweka wimbo wa kwaya yao waliourekodi wenyewe. Mbele palisimama spika mbili ndefu za mbao nyekundu, zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Wimbo ulipoanza niligeuka kutafuta kwaya imeingilia mlango gani. Hakukuwa na kwaya! Zilikuwa spika. Nilisikia pumzi za waimbaji kabla ya kila ubeti. Nilisikia mwanamke mmoja wa sauti ya pili akichelewa kidogo, kisha akikimbia kuwafikia wenzake. Nilimshika mama mkono kwa nguvu, akadhani nimeshukiwa na roho.

"Nani anatengeneza?" Afande aliuliza. Masikio yake yalikwisha simama.

"Papa Gervais, seremala kutoka Uvira. Koni za kutolea sauti ananunua Kampala, mengine yote ni mikono yake."

"Duka iko wapi? Msomaji akisoma leo, kesho naenda nunua wapi?"

"Karakana yake iko Nakivale, na lango lake liko wazi."

"Mbona hajaleta kwetu?"

"Nani amewahi kumwambia kwamba huletwa? Afande, watu wa Kampala wanaijua desturi yetu kwa sababu mmezoeana. Amplifaya yako yenyewe ililetwa na wao kupimwa. Mbona bado iko sebuleni kwako?"

"Ile ni mkopo."

"Mkopo gani ambao mkeo anaufuta vumbi kila Jumamosi?"

Alinitazama kama anavyomtazama kuruta. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa mahali anapopajua, akaniita nyabo, yaani bibie. "Haya, nyabo. Alete. Lakini alete yeye mwenyewe, na kwa mkopo. Sisi hapana omba, hapana pokea zawadi. Zawadi moja tu ikiingia kwa mlango yangu, mimi naandika hapana. Umesikia?"

Nilikuwa nimekwisha toka nje.

Siku iliyofuata nilikuwa Nakivale. Papa Gervais alikuwa akilalia ubao kwa randa, na mkewe, Mama Alida, akichambua maharage kwenye ungo. Nilipowaambia kwamba jarida la Mbarara linataka kuzisikiliza Ruzizi, Mama Alida aliweka ungo chini na kupiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameposwa.

"Bafle yangu?" Papa Gervais alirudia. Watu wa kwetu huziita spika bafle. "Muzee wa jarida anataka kusikia bafle yangu? Mu nyumba yake?"

"Sebuleni kwake kabisa, Papa. Na yakiandikwa mazuri, wachungaji wa Mbarara nzima watakutafuta."

Hilo ndilo jambo alilolitaka kuliko yote. Kanisa letu lilikuwa na Ruzizi, kanisa la jirani lilikuwa nazo, na hapo ndipo njia yake ilipoishia. Aliwahi kuzunguka Mbarara akiwa na picha kwenye simu. Kila mchungaji alimwuliza zimeandikwa wapi. Spika ambayo haijaandikwa mahali ni kabati, mmoja alimwambia. Papa Gervais alilirudia neno lile mbele yangu, kabati, na kuisukuma randa mpaka ubao ukalia.

"Lakini ni kwa mkopo," nilisema. "Unazileta, anazisikiliza, anakurudishia."

Alicheka. Mama Alida naye alicheka, akanipungia mkono. "Mwana wetu, mukopo ni ya batu benye habajuane. Weye acha tu. Alhamisi tunakuja."

Furaha ilinijaa hata sikusikia kilichokuwa ndani ya kicheko kile.

Alhamisi asubuhi pikapu iliyobeba maharage ya soko la Kakoba iliingia Ruharo na kusimama mbele ya nyumba ya Afande. Papa Gervais alishuka amevaa koti la kwaya. Mama Alida alishuka na kitenge chake cha Pasaka. Ruzizi zilishuka zimefungwa vitenge viwili vipya, vya kijani na dhahabu, kama maharusi. Nyuma yake kulishuka ndoo ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa alfajiri, na kuku mweupe aliyefungwa miguu.

Nilipomwona kuku, nilikumbuka neno la Afande kuhusu zawadi.

Papa Gervais alisimama katikati ya sebule, akakohoa, akatoa hotuba. "Muzee, sisi ni bakimbizi, lakini hatukukimbia bila mila. Kwetu muntu mukubwa akikuita mu nyumba yake, haumukopeshe kintu. Kumukopesha ni kusema: sikuamini, nitarudi kuangalia kama haujakiharibu. Njo mana hizi bafle tumekupa. Ni zako, na watoto wako, na bajukuu bako. Pamoja na hii kuku. Mersi."

Mama Alida alipiga vigelegele. Mama Natukunda, mke wa Afande, alitoka jikoni, akaona kuku, akampokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo kama inavyopasa. Kabla mtu hajasema neno, yeye na kuku walikuwa wamekwisha potelea jikoni.

Afande alikuwa amesimama wima. Alifungua mdomo, akaufunga, akanigeukia mimi.

"Sonia. Hii ni nini?"

"Afande, niliwaambia mkopo."

"Hii ni rushwa! Nimevaa gwanda ya jeshi miaka yote, hakuna mtu aliniletea kuku!"

"Rushwa?" Papa Gervais alirudi hatua moja nyuma. "Muzee, nimekuja na bibi yangu, na nguo ya Pasaka, weye unaniita mwizi?"

"Mimi sijasema mwizi! Nasema siwezi pima kitu yangu mwenyewe! Nikisema nzuri, watu watasema amelishwa. Nikisema mbaya, wewe nasema nimekula kuku na kutukana mpishi. Chukua, sebo, bwana wangu. Tafadhali. Funga vitenge, rudi nyumbani."

"Kurudisha zawadi? Mbele ya mulango? Afazali unitukanie mama."

"Basi ibaki, lakini hapana andika!"

"Kama hauandike, inabaki ya nini?"

Walikuwa wanasema kweli wote wawili, na mimi katikati yao nilikuwa na ukurasa mtupu. Nilijaribu kueleza desturi ya huku kwa upande ule, na desturi ya kule kwa upande huu. Kila nilipofungua mdomo, nilimkasirisha mmoja wao zaidi. Afande alitoka akaenda kusimama barazani, mgongo wake umetugeukia, mikono nyuma, kama mlinzi wa lango.

Ndipo Mama Natukunda alipotoka jikoni akijifuta mikono.

"Nyie mmemaliza?" aliuliza. "Hizo spika ziko kwa nyumba yangu. Yeye hataki sikiza, ni sawa. Mimi siandikagi kitu. Mimi nataka sikiza."

Alifungua vitenge mwenyewe, akavikunja vizuri na kuviweka kwenye kiti. Mbao nyekundu zikaonekana, na sebule nzima ikawa kama imepata wageni wawili warefu. Papa Gervais alisita, kisha akapiga magoti kuunga nyaya kwenye amplifaya, bado amenuna. Mama Natukunda alizisogeza spika mpaka zikaingia kwenye kona za ukuta, kulia na kushoto mwa kabati la vyombo, akatafuta kwenye simu yake wimbo wa kwaya ya akina mama wa kanisa lake.

Ukaanza.

Jamani! Nimesikiliza spika nyingi sebuleni mle, za bei ambayo ningeona haya kuitaja, na hakuna hata moja iliyowahi kuniinua kutoka kwenye kiti. Sauti za akina mama zilitoka zimesimama kila moja mahali pake. Ningeweza kunyoosha kidole na kusema huyu ni mnene, huyu amesimama nyuma, huyu ana kikohozi anakizuia. Mama Natukunda alishika kifua. "Huyo ni Hajara! Huyo ni Hajara wa mstari wa nyuma, alirekodi siku alikuwa na mafua! Bambe, namsikia mafua!" Akaanza kucheza kwa mabega. Mama Alida akamfuata. Papa Gervais alibaki amepiga magoti, uso wake umeanza kufunguka.

Kisha wakaingia wanaume, kwa sauti nzito, na nje barazani ule mgongo ulitikisika.

"Besi navimba!" Afande alipiga kelele kutoka nje.

Mama Natukunda aliongeza sauti. Wanaume wakaimba tena.

"Nasema besi navimba!" Alikuwa amekwisha ingia. Alitembea mpaka katikati ya sebule, kichwa kimeinama upande mmoja, macho yamefungwa, kidole hewani. "Sikiza. Hapa. Hapa! Akina mama ni wazuri sana, hii mimi sijasikia maisha yangu. Lakini mwanaume akiingia, nyumba nzima najaa maji. Rudisha wimbo nyuma."

"Mumeziweka mu kona!" Papa Gervais aliruka. "Nani anawekaka bafle mu kona? Ukuta unazirudishia sauti!"

"Basi toa kwa kona!"

Wakazitoa, mmoja ameshika huku na mwingine kule, watu ambao muda mfupi uliopita hawakutaka kutazamana. Wakasikiliza. Wakasogeza tena. Wakafungua madirisha, wakafunga madirisha. Mama Alida alitoa mto wa kochi na kuutia nyuma ya spika. Papa Gervais alitaka wimbo wa taratibu, Afande akatafuta bendi ya tarumbeta ya kambini, na tarumbeta zilipolia alipiga saluti bila kujua. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni nikiandika kwa kasi mpaka vidole vikauma.

"Imepungua," Afande alisema mwishowe. "Lakini iko. Wewe ulitengeneza hii kwa kanisa, sebo. Kule sakafu ni udongo, madirisha ni wazi, besi natoka nje naenda kwake. Hapa ni saruji na makochi, besi nakosa mlango. Kwa nyumba ya mtu, inavimba. Huo ni ukweli."

"Haivimbe."

"Navimba."

"Weye masikio yako ni ya redio ya vita!"

"Ndiyo! Na hiyo redio ilinifundisha!"

"Nimekuletea zawadi, na weye unaisema vibaya mbele ya bibi yangu!" Papa Gervais alikuwa amevua koti la kwaya. "Hapana. Hapana kabisa. Muntu mwenye anasema vibaya zawadi, hana haki nayo. Basi unirudishie bafle yangu! Leo! Nimeichukua!"

Niliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Nilimwangalia Afande, nikaona kitu ambacho sikutarajia. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Umesema nini?"

"Nimesema nimechukua! Si zako tena!"

"Ni zako?"

"Ni zangu!"

"Na mimi nimezisikiliza tu, na ninakurudishia?"

"Ndiyo, unarudisha!"

Afande alimshika mabega kwa mikono miwili kama mtu aliyemkuta ndugu yake kituo cha basi. "Basi ilikuwa mkopo! Sonia! Umesikia mwenyewe? Alileta, nimesikiliza, amechukua. Andika! Andika, nyabo, mtambo natusubiri!"

Papa Gervais alitutazama mmoja mmoja, akitafuta mahali tulipomtega. Mama Alida ndiye aliyecheka kwanza, akicheka mpaka akashika ukuta. "Gervais, umejirudishia zawadi weye mwenyewe! Kwa mudomo yako!"

"Na kuku?" nilimwuliza Afande kwa sauti ya chini.

"Kuku tunakula wote, pamoja na yeye, na tutaandika kwamba tulikula. Na andika pia kwamba amplifaya tuliyotumia ni ya watu wa Kampala, na kwamba nimekaa nayo mpaka nimesahau kurudisha. Kesho narudi." Alitafuta mahali pa kutazama. "Kama tunasema ukweli wa besi yake, tuseme na wangu."

Niliandika pale pale mezani, harufu ya kuku ikitoka jikoni, Mama Alida akinionjesha sombe kwa kijiko ili, alivyosema, maneno yapate mafuta. Niliandika Kiswahili kwanza; Kiingereza kitafuata kama kinaweza. Nilipomaliza, Afande alizima muziki, kwa sababu ilibaki sehemu ile ngumu ya desturi yetu.

"Papa Gervais," nilisema, "sasa nakusomea. Huwezi kubadilisha neno. Lakini ukitaka, unaweza kubeba spika zako uende, na sitaandika chochote. Watu wa Kampala walifanya hivyo wiki hii."

"Kwa juu ya nini?"

"Kwa sababu ya sentensi moja."

Aliketi. Aliweka mikono juu ya magoti, mikono yenye vumbi la mbao kwenye mistari yake. Nilimsomea kuhusu sauti za akina mama, na mafua ya Hajara, na tarumbeta zilizompigisha saluti mstaafu. Akaitikia kwa kichwa polepole kila nilipofika kituo. Kisha nikasoma:

"'Lakini zilijengwa kwa ajili ya kanisa lenye sakafu ya udongo, na katika sebule ya saruji besi yake huvimba. Mwenye nyumba ndogo asizinunue kabla hajazungumza na fundi.'"

Nje dereva wa pikapu alipiga honi. Alikuwa amemaliza kushusha maharage na alitaka kujua kama anarudi na mzigo. Hakuna aliyeinuka. Mama Alida alimtazama mumewe. Afande alitazama viatu vyake. Mimi niliutazama ukurasa, nikijua kwamba wachungaji wa Mbarara wangemwuliza tena zimeandikwa wapi, na kwamba jibu lilikuwa mkononi mwa mtu huyu peke yake.

"Soma tena ile ya mafua," alisema.

Nikaisoma.

"Sasa ile ya kuvimba."

Nikaisoma.

Aliinuka, akalitundika koti la kwaya nyuma ya kiti. Kisha akamwita dereva kupitia dirishani: "Wende, ndugu! Mi nabaki kula!" Akanigeukia. "Kabati haivimbe besi, mwana wangu. Ni bafle tu njo zinavimbaka. Acha sentensi zote mbili. Na uandike fasi karakana yangu iko, wazi wazi, kusudi mwenye nyumba kidogo ajue fasi ya kuja kugombana na mimi."